Safu ya Faksi Niliyokataa Kuitupa

Huu ni mwezi wa tatu tangu nistaafu na bado mnanipigia simu. Mzee Jada, mteja fulani tunamtafutaje? Mzee Jada, kile kitufe kiko wapi? Nimechoka kueleza kwa simu huku kuku wa mke wangu wakinipanda miguuni. Sasa naandika mara moja tu. Mkitaka bandikeni ukutani, mkitaka fungieni maandazi, shauri yenu. Vyeo nilivyopewa na mshahara niliolipwa hamtavikuta hapa. Viko kwenye faili langu, na faili hilo nililipanga mimi mwenyewe, kwa hiyo halijapotea.

Jambo moja mlijue kabla hatujaenda mbali. Mimi niliacha shule darasa la sita, katika kambi ya wakimbizi Uganda. Sikufukuzwa na sikufeli. Mwalimu alihama, sisi tukabaki na ubao, na ubao peke yake haufundishi mtu. Baadaye nikawa tanboi, yaani utingo, wa malori ya Eldoret kwenda Lokichoggio, na huko ndiko nilikookota hiki Kiswahili mnachokicheka. Kila mhandisi na kila wakili aliyepita katika ofisi yetu ya Thongpiny, hapa Juba, alikuja na cheti kipana kuliko mlango. Na kila mmoja wao, alipokwama, aliuliza swali lile lile: Jada yuko wapi?

Kwa atakayesoma bila kutujua, ofisi yetu inapima viwanja na kuandaa karatasi za ardhi. Mpima anakwenda na mitambo yake, wakili anaandika, mteja anapata ramani na ripoti ya kumtetea siku mtu akija kudai kwamba kiwanja ni chake. Juba hii, mtu huyo huja.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa mlinzi wa geti. Nilipewa rungu, tochi isiyo na betri na daftari la wageni. Mlinzi aliyenitangulia alikuwa ameandika kurasa nzima hivi: John, John, Mary, mzungu, John. Mimi nikaandika John yupi, mwana wa nani, ametoka wapi, amekuja na gari gani. Mchana akatoka Mama Nakku, Mganda aliyetunza mafaili ya ofisi, daftari mkononi, akauliza nani ameandika mle. Nikajua kazi imeisha kabla ya chakula. Akanitazama juu chini.

"Wewe iko na kichwa," akasema. "Geti itapata mtu mwingine."

Wiki chache baadaye niko ndani, kwenye chumba cha mafaili, nakaa juu ya kreti ya soda kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na kilikuwa chake.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Zana zetu zilikuwa madaftari makubwa ya jalada gumu, rula na kalamu mbili, nyeusi ya kuandikia na nyekundu ya kujuta. Sheria yake ilikuwa moja: usiandike mtu kabla hajafika kwa babu. Mteja akitaja jina lake, Mama Nakku anangoja. Akitaja la baba, bado kalamu iko hewani. Akifika kwa babu, ndipo wino unagusa karatasi. Siku moja alikuja mkubwa mmoja wa jeshi mwenye simu tatu, akasema hana haja ya kujieleza, watu wote wa Juba wanamjua. Mama Nakku akamjibu kwa upole kwamba basi hao watu wote waje wamwandikishe, yeye atangoja. Yule mkubwa akataja babu, akaongeza na mjomba.

Nyinyi mliosoma nje mnaweza kuona huo ni usumbufu. Hapa kwetu hakuna jina la ukoo. Mimi ni Jada wa Wani wa Lado, basi. Tena sisi Wabari na ndugu zetu tunampa mtoto jina kwa nafasi aliyozaliwa, kwa hiyo kina Wani, Lado, Pitya, Keji, Poni na Kiden wamejaa kila kona. Ongeza jina la ubatizo, na nusu ya wanawake ni Mary. Halafu njoo kwenye tarehe ya kuzaliwa. Mtu amezaliwa vitani au njiani, karatasi hakuna. Karani wa kambi anamwangalia usoni, anakadiria mwaka, mara nyingi ule ule, na siku anamwandikia tarehe moja mwezi wa kwanza. Hata mimi ni wa tarehe hiyo. Mwaka Mpya ukifika, nusu ya Juba inazeeka kwa pamoja na hakuna keki inayotosha.

Kisha ikaja ile sistimu. Ililetwa na wafadhili, na ilitengenezwa kwa ajili ya ofisi za mawakili na wahandisi: kila mteja ana kadi yake, kila kazi ina kadi yake, nani anaifanya, imefika hatua gani, nyaraka zipi zimeambatishwa. Kitu kizuri, sikatai. Ila walioitengeneza wanaishi kwenye nchi yenye mitaa. Ilitaka jina la kwanza, jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, mtaa, namba ya posta, simu, faksi. Ukiacha namba ya posta wazi ilikataa kuhifadhi, kwa hiyo Juba yote tuliiweka kwenye sifuri tano.

Uhamishaji wangu wa kwanza wa data ulikuwa huo, kutoka madaftari kwenda sistimu, na niliufanya kwa vidole viwili. Kimoja hakina kucha, iliondoka na mlango wa nyuma wa lori. Daftari baada ya daftari, mpaka miguu ya Mama Nakku ikamshinda akarudi kwao Masaka, na kiti nikakirithi.

Tatizo lilikuwa babu. Babu namweka wapi? Kulikuwa na sehemu ya maelezo, lakini maelezo yamejificha, mpaka ufungue kadi ndipo uyaone. Faksi ndiyo iliyoonekana kwenye kila orodha, na uliweza kutafuta kwa faksi. Na Juba hakuna mwenye faksi. Mimi mwenyewe mpaka leo sijaiona kwa macho. Nikaichukua safu ile yote nikaifanya yangu. Ukimfungua John Wani unakuta: Faksi, wa Pitya wa Lado, Gudele, nyumba yenye tangi jekundu. Mhandisi akiuliza John Wani yupi, nabonyeza kidogo, namtajia babu, nyumba na rangi ya tangi. Walidhani nina kumbukumbu ya ajabu. Niliwaacha wadhani. Mchwa walipokuja kuyala madaftari stoo, sikusikitika hata kidogo, kwa sababu kila babu alikuwa salama kwenye faksi.

Tukafika mwaka jana. Mkataba wa ile sistimu ulikuwa unaisha siku ya Ijumaa, na ofisi ilikuwa imechagua nyingine mpya. Mudir wetu, ndivyo tunavyomwita mkubwa wa ofisi, akamleta mtaalamu kutoka Nairobi, Bwana Mutua. Kijana wa adabu, mwenye viatu visivyopatana na matope yetu. Wakafanya mkutano wa kuamua data ipi inahama na ipi inabaki. Mimi nilitumwa nje nikaangalie jenereta. Kweli jenereta lilikuwa linakohoa, sisemi uongo. Lakini niliporudi, safu zilikuwa zimeshagawanywa, za kwenda na za kutupwa, kama mizigo ya mtu anayehama nyumba bila kumuuliza mkewe.

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho wakatuonyesha sistimu mpya. Inapendeza, ina rangi, inafunguka haraka. Mutua akasema ameisafisha data yetu.

"Mzee, mlikuwa na wateja wengi sana wamejirudia. Nimewaunganisha wote," akaniambia, na alikuwa na furaha ya mtu aliyefagia uwanja wa jirani.

Nikamuuliza amejuaje kwamba wamejirudia. Akasema jina moja, tarehe moja ya kuzaliwa, sistimu inalinganisha yenyewe. Nikamuuliza na safu ya faksi iko wapi.

"Faksi? Mzee, nani anatumia faksi?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Ndiyo maana nilipata nafasi," nikamwambia. Niliandika jina moja tu kutafuta: Mary Keji.

Lazima niwaeleze huyu mama. Ni mjane anayekaa Sherikat, ng'ambo ya mto. Mumewe alimwachia kiwanja kimoja karibu na barabara ya darajani, na ofisi yetu ndiyo iliyokipima mume akiwa hai. Mwaka jana akaja mtu mwenye malori, akachimbia nguzo katikati ya uwanja, akasema amenunua. Kesi ikaenda kamati ya ardhi. Kwa kuwa karatasi za kughushi zimejaa mjini, kamati ilisema haitaki karatasi ya mtu yeyote. Jumanne baada ya ile Ijumaa ingemtuma karani wake aje ofisini kwetu aione rekodi kwa macho, ndani ya kompyuta. Rekodi ikisema kiwanja ni chake, nguzo zinatoka. Ikisema vingine, anatoka yeye na watoto wanne.

Sistimu ya zamani, nikitafuta Mary Keji, ilinipa watatu, kila mmoja na baba yake na babu yake. Mpya ikanipa mmoja. Mary Keji mmoja, anauza samaki wakavu soko la Konyo Konyo, ana viwanja vitatu sehemu tatu za mji. Fikiria karani wa kamati anakiona hicho. Mjane anayelia kwamba anaonewa, kumbe ana viwanja vitatu. Nani angemsikiliza tena?

Jumatano Mudir akaniita na fomu ya kukubali kwamba data yote imehama salama. Kulikuwa na mistari mitatu: wa kwake, wa Mutua na wa mtunza kumbukumbu, yaani mimi. Wao walikuwa wameshaweka sahihi. Nikamwambia siweki.

"Jada, ni sahihi tu."

"Ni sahihi yangu, Mudir."

Akanieleza kwamba kazi imekaguliwa na watu wenye digrii. Nikasema kama ni hivyo waweke sahihi mbili mbili, mstari wangu nao wautumie. Uso ukambadilika. Akasema ikifika Alhamisi jioni bila sahihi, nichukue likizo, na nisiharakishe kurudi. Nikamwomba aniandikie hilo kwenye barua. Hakuandika. Mtu mwenye darasa la sita anajua thamani ya kuandikiwa.

Mutua alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba jambo la faksi ningelisema mapema, miaka yote ile. Hapo alinipata. Nilikuwa nimefurahia kuitwa mwenye kumbukumbu, nikafungia siri ya ofisi ndani ya kichwa changu kama mganga. Kosa lile nusu yake lilikuwa langu. Nimeandika nusu, msiongeze.

Lakini nusu nyingine sikukubali iniangukie, na hasa sikukubali imwangukie mama wa watu. Mchana ule ule nikapanda boda mpaka Konyo Konyo, nikamkuta Mary Keji wa samaki. Nikavuka daraja mpaka Sherikat, nikamkuta mjane. Wa tatu, mwalimu wa Gudele, nilimpigia simu. Nikawaambia wote kitu kimoja: kesho saa tatu asubuhi, benchi la ofisi yetu, nauli ya kwenda na kurudi ni juu yangu.

Alhamisi saa tatu walikuwa wamekaa benchini kwenye ukumbi, wanawake watatu ambao hawajawahi kuonana, na walishaanza kuulizana baba zao. Wa samaki ndiye aliyekuwa na haraka, maana meza yake alimwachia jirani asiyemwamini. Nikamwita Mudir, nikamwita Mutua aje na kompyuta yake. Nikamwomba amwite mteja kama alivyo kwenye sistimu mpya, asiongeze wala asipunguze.

Mutua akasoma kwenye kioo cha kompyuta. "Mary Keji, aliyezaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza."

Wakasimama wote watatu.

Yule wa samaki akamtazama Mutua kuanzia viatu, akanigeukia mimi.

"Huyu ndiye anasema sisi ni mtu mmoja? Mimi nimenenepa, lakini si kiasi hicho."

Mwalimu wa Gudele akacheka mpaka akakaa. Mudir naye akageuka ukutani kama mtu anayesoma kalenda. Mjane hakucheka. Alikuwa bado amesimama, mikono ameishika tumboni, na alipozungumza alizungumza na Mutua, si mimi.

"Mwanangu, mimi iko na kiwanja moja. Hiyo ingine mbili ni ya hawa dada. Ukiandika tatu, Jumanne nitakosa hata hiyo moja."

Mutua akaifunga kompyuta. "Mzee," akasema, "nionyeshe hiyo faksi inatolewaje."

Sasa hapa ndipo wenye digrii wachukue kalamu. Njia waliyokubaliana ya kutoa data haikuichukua safu ya faksi, na kuwaandikia wenye sistimu ng'ambo waibadilishe kungechukua wiki mbili. Sisi tulikuwa na siku moja na nusu. Lakini mimi sistimu ile nilikaa nayo muda mrefu kuliko baadhi ya ndoa za hapa mjini. Hakuna kitufe ambacho sikuwahi kukibonyeza, vingine kwa kujifunza, vingine kwa sababu jua ni kali nje. Ilikuwa na ripoti ya kuchapa anwani za bahasha. Hapa haikutumiwa hata mara moja, barua tungempelekea nani, sifuri tano? Ila ripoti ile ilikuruhusu kuchagua safu yoyote unayotaka. Nikachagua namba ya mteja, jina, faksi. Nikabonyeza. Mababu wote wa Juba wakashuka kwenye jedwali moja, mstari kwa mstari.

Mutua alicheka peke yake kama mtu aliyekuta funguo mfukoni. Akatengeneza nafasi mpya kwenye sistimu mpya, akauliza aiite nini. Nikamwambia aandike: Mtu wa Nani. Kisha akawarudisha wateja kama walivyokuwa kabla ya kuunganishwa, akaiagiza sistimu isimguse mtu mpaka ilinganishe na babu pia. Kazi hiyo ilikuwa yake. Mimi siijui, na leo sijidai kwamba naijua. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni na kusoma kwa sauti, Mary mmoja mmoja, John mmoja mmoja, yeye akitazama upande mpya na kusema yupo. Tulipata hata wateja wawili waliojirudia kweli, wale niliowaandika mara mbili mimi mwenyewe. Akanitazama. Nikamwambia aendelee.

Alhamisi jioni ilipita bila sahihi yangu. Mudir alipita mara mbili mbele ya mlango na hakutaja likizo. Ijumaa adhuhuri tukawa tumemaliza. Nikaisoma ile fomu yote, neno kwa neno, Mudir akiwa amesimama, kisha nikaweka sahihi. Saa kumi sistimu ya zamani ikafungwa. Ukiifungua ilikuletea ukurasa mweupe wenye mstari mmoja wa Kiingereza kwamba hatujulikani.

Jumanne karani wa kamati akaja, kijana mwenye miwani, hakutaka hata chai. Nikamwandikia jina mbele yake. Wakatoka watatu. Akauliza yupi, nikamwambia ataje babu wa mdai kutoka kwenye karatasi zake mwenyewe. Akataja. Nikafungua kadi: mtu mmoja, kiwanja kimoja, ramani, tarehe ya kupimwa. Akanakili, akashukuru, akaenda. Kamati ilipokaa, yule wa malori alipewa siku saba aziondoe nguzo zake. Aliziondoa siku ya sita, kwa kiburi.

Wiki iliyofuata mjane akaja ofisini peke yake. Sikujua shida ni nini. Akakaa mbele yangu, akasema anataka kusikia kilichoandikwa juu yake ndani ya hiyo kompyuta, maana kimemtetea na yeye hakijui. Hasomi. Nikamgeuzia kioo hata hivyo, nikamsomea polepole.

"Mary Keji, wa Wani wa Pitya, mjane wa Lado, Sherikat, nyuma ya nguzo za mtu wa malori."

"Nguzo gani?"

Nikamweleza kwamba niliandika wakati wa kesi, ili wapima wetu waione nyumba kwa urahisi.

"Nguzo imetoka," akasema. "Mimi hapana kaa nyuma ya nguzo ya mtu. Futa."

Nikafuta. Nikamuuliza sasa niandike anakaa wapi.

Alifikiri kidogo, akavuta kitambaa chake begani.

"Andika, kwake."

Nikaandika kwa vidole vyangu viwili: Sherikat, kwake. Mudir alikuwa anapita, akasoma juu ya bega langu, akasema hakuna mpima atakayeifikia nyumba kwa maelezo hayo. Nikamwambia watauliza njiani.

Makosa yangu yamo mengi ndani ya sistimu ile, mkiyaona yasahihisheni, sitakasirika sana. Mstari huo msiuguse.